Mwacheni Acheze na Mkewe

Kijana wa Msowero, wilayani Kilosa, hawezi kuoa bila kuambiwa kwamba ndoa si mchezo. Baba atamwambia, mjomba atamwambia, shehe au mchungaji atalitia katika mawaidha yake, na mshenga atalirudia siku ya kupeleka posa asije akaonekana hana la kuongeza. Neno lenyewe halina ubaya. Maana yake usioe leo ukaacha kesho, usimkimbie mwenzio njaa ikibisha hodi, usiitoe siri ya chumbani ukaipeleka kijiweni. Kwa hayo sina ubishi na mzee yeyote.

Ubishi wangu unaanzia pale wosia huo unapogeuzwa sheria ya nyumbani: kwamba mwanamume akishaoa amemaliza kucheza, na akishindwa kujizuia basi akacheze na wanaume wenzake. Akionekana jioni amekaa mkekani nyuma ya nyumba anacheza drafti na mkewe, wapita njia wanaulizana huyu bwana amelishwa nini. Akibeba ndoo ya maji kwa sababu ameshindwa mchezo na adhabu ya leo ilikuwa hiyo, jina linafika nyumbani kabla yake: amekaliwa. Wenye huruma husema ni uchanga wa ndoa, utapita wenyewe. Wasio na huruma husema ni limbwata, na hawakosekani wanaojitolea kumtafutia mtaalamu wa kulitapisha.

Nasema wanakosea wote, mwenye huruma na asiye nayo. Michezo midogo ya wanandoa wapya ni sehemu ya kazi ya ndoa. Hapo ndipo watu wawili waliolelewa nyumba mbili wanapojifunza kushindana bila kuumizana, kushindwa bila kununa, na kuambiana ukweli kwa kicheko kabla haujalazimika kusemwa mbele ya wazee. Anayewanyima nafasi hiyo kwa jina la heshima anawanyima kitu ambacho hakuna kikao cha usuluhishi kitakachoweza kukirudisha.

Tuanze kwa kutazama hicho kinacholaumiwa, maana wengi wanakilaumu kwa kupita njiani tu. Msowero ipo kwenye barabara ya kutoka Dumila kwenda Kilosa, katika nchi ya mpunga, mahindi na ufuta. Burudani za wanandoa wapya hapa zinalingana na mifuko yao. Siku ya gulio watakwenda pamoja, mke achambue mitumba, mume akae pembeni akimenya muwa wa wote wawili. Mwisho wa wiki watapeleka memori kadi kwenye kibanda cha barabarani kuingiziwa nyimbo, kisha usiku wanacheza muziki chumbani, sauti ikiwa chini kwa sababu ukuta mmoja ni wa mama mkwe. Simba na Yanga zikikutana, na mmoja wao akawa Simba na mwingine Yanga, mshindwa atakuwa na wiki ndefu.

Halafu ndiyo drafti yenyewe. Ubao ni kipande cha mbao kilichochorwa miraba kwa mkaa, na kete ni vizibo vya soda: 12 vya mume vimetazama juu, 12 vya mke vimefunikwa. Kizibo kikifika ukingo wa pili kinabebeshwa kingine, kinakuwa kingi, na kuanzia hapo kinatembea ubao mzima. Ninayo nyumba moja ya vijana ninayoifahamu ambako sheria kubwa kuliko zote ni ya mkono. Mume ana tabia ya kusogeza kete, kuiona hatari, na kuirudisha kinyemela. Mke, miguu ameinyoosha na ungo wa mchele mapajani, hata macho hayainui: “Acha hapo hapo, bwana. Ukishaachia umecheza.” Mume atalalamika kwamba alikuwa hajaachia. Mke atamwuliza kama anataka aitwe shahidi. Kete itabaki ilipo, italiwa, na vyombo vya usiku huo vitaoshwa na aliyeliwa.

Mzee anayepita pale anaona mwanaume anaosha sufuria. Mimi naona mwanaume anayeambiwa na mkewe kwamba amekosea, akakubali, na nyumba haikutikisika. Siku atakapotaka kuuza magunia yote ya mpunga kwa bei ya walanguzi, mke huyu atajua namna ya kumwambia asubiri, na mume atakuwa ameshazoea kuambiwa. Zoezi hilo walilifanya kwa vizibo, mahali ambapo kosa gharama yake ni sufuria moja.

Pingamizi la kwanza la wakosoaji ni heshima. Wanasema mke ukicheza naye atakuzoea, akikuzoea atakupanda kichwani. Na wanalisema kana kwamba dini na mila zote ziko nyuma yao. Haziko.

Shehe anayefundisha hivyo ameiruka hadithi ambayo imo katika mkusanyiko wa Abu Daud, na ambayo bila shaka aliisoma: Mtume Muhammad (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha, Bi Aisha akashinda. Baadaye walishindana tena, safari hii Mtume akatangulia, na akamtania mkewe kwamba ushindi huo ni wa kulipia ule wa kwanza. Hakuna muumini aliyewahi kusema utume ulipungua kwa mbio zile. Mchungaji naye afungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, aya ya 5: mwanamume aliyeoa karibuni asipelekwe vitani wala asibebeshwe shughuli, akae nyumbani mwaka mzima amfurahishe mke wake. Akitoka hapo arudi Mwanzo, sura ya 26. Isaka alikuwa amewadanganya watu wa Gerari kwamba Rebeka ni dada yake. Mfalme Abimeleki alichungulia dirishani, akawaona wakicheza, na hapo hapo akajua wale ni mume na mke. Mfalme wa kigeni aliitambua ndoa kwa mchezo wake. Sisi leo tukiuona mchezo huo tunatafuta mganga.

Mila nayo haiwasaidii. Msowero iko kwenye nchi ya Wakaguru na Wasagara, watu ambao kwao utani ni taasisi yenye haki na wajibu. T. O. Beidelman, Mmarekani aliyeanza utafiti wake Ukaguru mwaka 1957 na kuandika vitabu kadhaa juu yao, aliupa utani huo nafasi kubwa, kwa sababu bila kuuelewa huwezi kuelewa hata mazishi ya hapa. Mtani huja msibani akafanya kazi nzito ambazo ndugu hawaziwezi kwa uchungu, na wakati huo huo akatania, akadai vitu, akawachekesha wafiwa. Wazee hao hao walioweka kicheko kando ya kaburi hawawezi kutajwa kuwa mashahidi kwamba kicheko kinaua heshima. Walijua kinyume chake: kwamba kuna mambo mazito ambayo bila utani hayabebeki.

Na tusisahau mashamba ya mkonge. Kimamba, Rudewa na maeneo ya jirani yalipokea manamba kutoka kila upande wa nchi, watu wasiojuana lugha wala chakula. Moja ya mambo yaliyowawezesha kukaa kambi moja ni utani wa makabila. Wahehe na Wangoni, waliouana vitani karne ya kumi na tisa, walifanywa watani na wajukuu wao wakaazimana chumvi. Kama utani uliweza kusuluhisha makabila yaliyopigana, sioni kwa nini uogopwe kati ya watu wawili waliopendana.

Wapo watakaosema mambo ya mume na mke kucheza pamoja ni ya kuiga kwenye simu. Morogoro gani hiyo wanayoizungumzia? Morogoro ya Salum Abdallah na Cuban Marimba, Morogoro ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, ilikuwa inacheza dansi wawili wawili kabla wazazi wa vijana hawa hawajazaliwa. Babu anayekunja uso leo alikuwa na suruali ya bwaga na mtu wa kumshika kiuno. Vijana hawajaiga ng'ambo. Wameiga nyumbani, ila waliowatangulia wamejisahaulisha.

Pingamizi la pili halisemwi hadharani lakini ndilo lenye nguvu zaidi: limbwata. Hili nataka nilikabili kwa swali. Ni mume wa aina gani ambaye kijiji huwa na wasiwasi kwamba amerogwa? Utafiti wa taifa wa afya na hali ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba wanawake 4 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa mwili tangu walipotimiza miaka 15. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Sheria hiyo ina zaidi ya nusu karne. Lakini mke akitoka asubuhi na jicho limevimba, jirani atasema hayo ni mambo ya ndani, tusiingilie. Mume akionekana anacheka na mkewe, mambo hayo hayo ya ndani yanakuwa ajenda ya mtaa mzima. Hakuna aliyewahi kupeleka mpigaji kwa mtaalamu akatapishwe alichokula. Anayepelekwa ni mpenda mkewe. Jamii inayotafuta dawa ya upendo na kuuvumilia mkong'oto imekosea mgonjwa.

Kuna na hili la vyombo na ndoo, ambalo huwauma wengi kuliko drafti yenyewe. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya wanandoa. Ikiwa kupika, kuosha na kuchota maji ni kazi yenye thamani hata mbele ya majaji wa juu kabisa wa nchi, basi mume anayeifanya kwa kushindwa mchezo hajashuka daraja. Amefanya kazi ya maana, tena kwa uungwana wa kulipa dau alilokubali.

Hapa niwageukie na makungwi. Msichana wa kwetu anawekwa ndani, anafundwa, siku hizi anafanyiwa na kicheni pati, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo ni namna ya kumchangamsha mume. Si jambo la jana. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa karibu mwaka 1858, mama akimwusia binti yake, umejaa maelekezo ya jinsi ya kumstarehesha bwana. Kijana wa kiume je? Jandoni alifundishwa kuvumilia kisu na kutolia. Akitoka hapo anafundishwa kutafuta. Hakuna mahali alipokalishwa akaambiwa: na wewe mwenzio utamfurahisha hivi. Kwa hiyo nyumba inaanza na mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja asiyejua kuwa yuko darasani. Michezo hii midogo ndiyo jando la pili la mwanamume, na bahati mbaya kila anayeingia anazomewa.

Pingamizi la tatu linatoka kwa watu wa kazi, na nalipa uzito wake. Wanasema kijijini hakuna muda wa mchezo. Kilimo hakingoji, na maisha yenyewe yamejaa misukosuko. Ni kweli. Wilaya hii imeshuhudia mauaji ya watu 38 Rudewa Mbuyuni, tarehe 8 Desemba 2000, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalifagia nyumba Kilosa na maelfu ya watu wakaishi kwenye mahema. Januari 2014 maji yakaja tena, safari hii Magole na Dumila, daraja likakatika na barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma ikafungwa. Mtu aliyeyapitia hayo akikwambia maisha si ya kuchezea, msikilize.

Lakini msikilize mpaka mwisho, kisha umpeleke shambani mwezi ambao mpunga unatunga maziwa. Kwelea kwelea wanashuka kwa makundi kuanzia alfajiri hadi jua linapozama, na mwenye shamba hana namna ila kukaa dunguni na kombeo na debe la kugonga, siku baada ya siku, mpaka punje zikauke. Hakuna kazi ya kuchosha akili kama kuamia ndege. Haina jasho la jembe, ina usingizi. Mtu aliye peke yake hulala saa saba mchana, na akiamka, robo ya jaruba imeshakwenda. Wawili waliozoea kucheza hawalali. Wanategana vitendawili, na anayeshindwa kutegua anatoa mji kwa kushuka kwenda kukimbiza ndege upande wa mbali. Wanashindana kulenga kombeo kwenye kisiki. Redio ndogo ikiwa na betri wanabishana nani anaimba. Mpunga unaokolewa hapo kwa mchezo, na mzee anayesema mchezo hauleti chakula ameula mpunga huo bila kujua ulilindwa vipi. Hata kwenye palizi ni hivyo hivyo: wape wanandoa wapya mistari miwili ya mahindi, waambie wa mwisho atapika, uone magugu yatakavyokwisha.

Kuhusu pesa, hesabu ni fupi zaidi. Vizibo vya soda vinaokotwa. Kitendawili hakinunuliwi. Kinachomaliza fedha za ndoa changa ni zile burudani zinazosifiwa kuwa za kiume: kilabu cha kangara kuanzia saa tisa, kibanda umiza kila usiku wa mechi, na siku hizi kubeti, ambako kijana anaweka pesa ya mbolea kwenye timu asizozijua za nchi asiyoijua, mkeka ukichanika anarudi nyumbani na hasira isiyo na mwenyewe. Hakuna mshenga anayeitwa kumkanya mwenye kubeti kwamba ndoa si mchezo. Anayekanywa ni yule aliyebaki nyumbani na kete zisizo na bei.

Na kuhusu misukosuko, mafuriko na vurugu havikuwahi kuuliza nani alikuwa anacheza na nani alikuwa na sura ya kazi. Vilichukua vya wote. Tofauti huonekana maji yakishapita. Waliozoea kusemezana huanza na mazungumzo: tulicho nacho ni hiki, tuanzie wapi. Waliozoea kuamriana huanza na lawama: nilikwambia uhamishe magunia. Maji hayohayo, na hasara ileile, lakini nyumba moja inaanza upya na nyingine inaanza kugawana vijiko.

Pingamizi la nne ndilo la wale wenye huruma: acheni wafurahi, ni fungate, mtoto akija yatakwisha. Linaonekana la upole, lakini mimi naliona la hatari kuliko mengine, kwa sababu linawafundisha vijana kusubiri mwisho. Mwishowe huanza kuona aibu wenyewe. Mtoto akizaliwa, ubao unawekwa juu ya kabati, mume anahamia kijiweni, na kila mtu anasema ndiyo ukubwa huo.

Kwa watu wa Msowero kuna sababu ya pekee ya kutokubali hili. Wakaguru na Wasagara huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti ambayo kwingine ni ya baba. Tuseme ukweli: katika mpangilio huo mume amefungwa nyumbani kwa kamba nyembamba. Damu ya ukoo haimshiki, na watoto wana kwao. Kinachomshikilia ni uhusiano wake na huyu mwanamke mmoja, namna wanavyosikilizana na kufurahiana. Kamba nyembamba ndiyo inayotaka kusokotwa kila siku. Kumwambia mume wa nchi hii asiwe rafiki wa mkewe ni kumwambia akae nyumba ambayo hana kinachomweka.

Wengine watajibu kwamba siku hizi kuna vyeti, ndoa imeandikwa, haihitaji vichekesho. Msowero ingekuwa ya mwisho kuamini karatasi kiasi hicho. Kila mwanafunzi wa Tanzania amefundishwa habari za Mangungo, ambaye Wajerumani walimwandika kuwa Sultani wa Msovero katika Usagara. Tarehe 29 Novemba 1884 Mjerumani Karl Peters alipata alama yake kwenye mkataba ulioitwa wa urafiki wa milele. Kwa karatasi ile, Mangungo alihesabiwa kwamba ametoa nchi yake. Februari 1885, mkataba huo na mingine ya namna hiyo ikiwa mkononi, serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya ulinzi, na urafiki wa milele ukageuka utawala. Hakuna mahali Tanzania panapopaswa kujua vizuri zaidi kuliko hapa kwamba urafiki ulioandikwa bila kutendwa unaweza kuwa njia ya mmoja kumtawala mwingine. Cheti cha ndoa ni kitu cha lazima, kitunzwe mahali pakavu. Lakini cheti kinathibitisha kwamba wawili wameoana. Kwamba ni marafiki, watalazimika kulithibitisha wenyewe.

Sitetei kila kinachoitwa mchezo. Mchezo ambao siku zote mmoja ndiye wa kuchekwa ni uonevu uliovaa nguo ya kicheko. Mume anayemtania mkewe mbele za watu kwa umbo lake, kwa ugali wake ulioungua, au kwa kuchelewa kushika mimba, hajacheza; amemdhalilisha na kudai makofi. Mke anayetangaza kisimani kila kosa la mumewe naye hajacheza. Na mwenye uchovu aachwe apumzike. Mwanamke aliyetoka kuvuna, akachota maji, akapika peke yake, akiambiwa njoo tucheze, atakuwa anaongezewa zamu.

Halafu mchezo unataka watu wawili wanaolingana. Hapa siwezi kukaa kimya kuhusu umri. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Mtoto wa miaka 15 hachezi na mume. Anaogopa, anatii, na kicheko chake ni cha kumridhisha mkubwa. Nyumba ya namna hiyo hailetewi ubao wa drafti kama dawa, haikupaswa kuwapo. Ninaowatetea ni vijana wawili waliokomaa, waliochaguana, ambao kila mmoja anaweza kumwambia mwenzake hapana na bado wakalala kitanda kimoja.

Nawaomba basi wazee wa Msowero, na wa Rudewa, Magole, Kimamba hadi Mikumi. Mtakapomkalisha kijana kumpa wosia, mwambieni yote mliyozoea kumwambia kuhusu subira, siri na kutafuta. Kisha ongezeni moja: usiache kucheza na mkeo. Wasimamizi wa ndoa wanapopita baada ya miezi michache kuuliza hali, wasiishie kwenye kama kuna chakula na kama kuna mimba. Waulize pia mara ya mwisho walicheka pamoja lini. Makungwi wawafunde na wavulana. Mashehe na wachungaji wasome hadithi na aya zile mbele ya waumini bila kuona haya, maana hawakuziandika wao.

Na wapita njia wanaotafuta limbwata kwenye kila kicheko, nawataka wafanye jambo moja tu. Wahesabu ndoa zilizovunjika kijijini mwao katika miaka wanayoikumbuka, kisha waseme ngapi zilivunjwa na pombe, ngapi na kipigo, ngapi na kubeti, ngapi na kimya cha miaka, na ngapi zilivunjika kwa sababu mume na mke walizidi kucheza pamoja. Hadi watakapoleta hata moja ya aina hiyo ya mwisho, wawaache vijana wacheze.